Rudi Ijumaa

Jumatatu, Machi 2

Masika yameanza leo, na mimi nimeanza leo. Nimeingia kwenye kasri la mfalme na sanduku moja, mwavuli wa Mama Mkubwa na daftari hili. Ni daftari la vipimo la dukani kwetu. Kurasa za mbele zimejaa vifua na viuno vya nusu ya mji, kwa hiyo nimeligeuza nikaanzia nyuma. Nitaandika mpaka mvua zianuke. Harusi ni Jumamosi, Mei 30.

Niandike jinsi nilivyofika hapa, maana leo mwenyewe nimejifinya mara mbili. Mimi ni fundi cherehani. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita, nikalelewa na dada yake, Mama Mkubwa, nikakulia chini ya meza yake ya kukatia. Novemba mwaka jana aliingia dukani kijana mmoja, kofia imemfika puani, mkononi koti lisilo na kifungo cha juu. Sikumjua. Nikamwambia kazi ni nyingi, fundi si mchawi, rudi Ijumaa. Alipotoka nikalitazama koti. Uzi wa kifungo haukukatika, ulikatwa, tena kwa mkasi mkali, pigo moja. Mwanamume anakata kifungo chake mwenyewe ili apate kisa cha kuingia dukani! Ningemfanya nini kama si kumpenda? Akarudi Ijumaa, akarudi na iliyofuata akiwa na koti jingine, mpaka Mama Mkubwa akasema kijana huyu atamaliza kabati atembee uchi. Kumbe ni mtoto wa mfalme. Watu humwita Mtukufu. Mimi humwita Kifungo, na yeye huniita Fundi.

Leo Mama Mkubwa amenikumbatia mlangoni akalia. Baba Mdogo ni fundi saa, na haamini kitu kinachokwenda vizuri kupita kiasi. Yeye alisema tu, "Saa isiyochelewa hata dakika, mwanangu, ifungue uitazame ndani." Nikamwambia aache wivu wa kizee.

Jumanne, Machi 3

Nimekabidhiwa kwa mwanamke mrefu aliyenyooka kama rula, msimamizi wa taratibu zote za kasri. Nimempa jina Bi Utaratibu. Hacheki, hakohoi, na naamini analala amesimama. Ameniletea karatasi tisa za mambo ambayo mchumba wa mwana wa mfalme hafanyi. Hapigi miayo. Haelekezi kidole. Hasemi "hapana", husema "labda siku nyingine". Hakai kabla shangazi yake mfalme hajakaa. Namba ishirini na sita: hashiki sindano.

"Kwa nini?" nimeuliza.

"Tone moja la damu kwenye kitambaa cheupe huzungumzwa miaka arobaini."

Amechukua kopo langu la sindano akalifungia kabatini kwake. Moja ameikosa. Ipo ndani ya ukosi wa blauzi yangu, tangu utotoni sijawahi kutembea bila hiyo.

Alhamisi, Machi 5

Mvua. Nimejifunza kukaa.

Ijumaa, Machi 6

Mvua. Inaonekana sikujua kukaa, nimerudia.

Jumatano, Machi 11

Shangazi yake mfalme amekuja kunitazama. Ana miaka themanini na nne na alikataa kiti. Alitaka kuona picha za ukutani, moja moja, na kila picha ina hadithi. Kwa vile hakukaa, nami sikukaa. Saa moja na nusu! Kifungo alipoingia akanikuta nimeegemea nguzo kama ngazi ya fundi rangi. Alicheka mpaka akalazimika kujifanya anakohoa.

Jioni tulitembea barazani, mvua ikimwagika pande zote, na hapo kasri huwa zuri kweli. Nikamchokoza. "Sema kweli leo. Kifungo kile ulikikata mwenyewe."

Akaangalia viatu vyake. "Mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Kwa mkasi wa kucha," akasema, akacheka, na mimi nikacheka.

Nimeingia chumbani ndipo nikakumbuka kwamba nilimuuliza kwa nini, naye akanijibu alikata kwa kifaa gani. Tena mkasi wa kucha haukati hivyo, hutafuna. Lakini mwanamume akikiri kosa tamu namna ile, fundi asikague mkato.

Ijumaa, Machi 20

Chakula cha jioni na mfalme mwenyewe. Ni mzee mpole, mfuko wake wa kulia umefumuka na hakuna anayethubutu kumwambia. Nilimwambia. Bi Utaratibu, aliyesimama nyuma yangu, alivuta pumzi ndefu. Nikamtazama Kifungo aniokoe, hata kwa mzaha mmoja, naye akawa anakata nyama yake vipande vidogo vidogo kama anamlisha mtoto.

Mfalme ndiye aliyeniokoa. Akaingiza mkono mfukoni, kidole kikatokea upande wa pili, akanipungia nacho. Alipoondoka akanishika bega. "Binti, gauni la harusi litakupendeza. Limesubiri sana."

Nimelala nikitabasamu kwa neno hilo. Lakini ile nyama iliyokatwa vipande vidogo naikumbuka bado.

Jumamosi, Machi 28

Nimevaa gauni!

Wamenivalisha wanawake wawili na Bi Utaratibu akisimamia, mikono yangu imeinuliwa juu kama mtu aliyekamatwa. Ni hariri nzito rangi ya maziwa, mabega yamekatwa kwa adabu, mgongo una vifungo thelathini vilivyovishwa kitambaa kilekile. Aliyelikata ni bingwa. Lilishuka mwilini likafunga kiuno bila mtu kuvuta. Fundi wa kasri akasema halina haja ya kuguswa, ila urefu tu, inchi moja.

Nikashangaa, kwa sababu tangu nije hapa hakuna aliyenipima. Nikamuuliza Bi Utaratibu kama Mama Mkubwa ndiye aliyewapa vipimo.

"Ndiyo," akasema. "Yeye ndiye aliyetupa vipimo."

Nikataka kuligeuza nione mishono, kila fundi angetaka. Akaniondoa mkono. "Bibi harusi haoni upande wa ndani wa gauni lake."

"Ni desturi ya zamani?"

"Ya kuanzia leo."

Jumapili, Aprili 5

Mama Mkubwa amekuja, anaruhusiwa Jumapili moja kwa mwezi. Amevaa kitenge chake cha kutokea na ameketi pembeni mwa kiti kana kwamba kimekodishwa. Nimemsimulia gauni kwa nusu saa, mabega, vifungo, mkunjo wa kiunoni. Fundi mwenzangu, nilidhani atauliza maswali mia. Hakuuliza hata moja.

"Nani kashona, Mama? Ni mtu wa hapa mjini?"

"Mafundi wao huko," akasema, akanywa chai iliyokwisha kwenye kikombe.

Amekonda. Namtafutia sababu: ananikumbuka, na duka kubwa kwa mtu mmoja.

Alhamisi, Aprili 9

Mvua. Kupunga mkono bila kupunga kwapa.

Ijumaa, Aprili 10

Mvua. Kwapa.

Jumanne, Aprili 14

Paa linavuja kwenye chumba cha kupigia pasi. Kasri lina vyumba tisini na ndoo tatu.

Nimemwomba Kifungo tutoke siku moja, twende tukamwone Baba Mdogo. Akasema, "Mvua zikiisha." Nikamwomba awaambie wanirudishie sindano zangu. "Mvua zikiisha, Fundi." Nimeanza kuhesabu mambo yaliyotundikwa kwenye mvua hizi. Yanafika saba.

Jumatano, Aprili 22

Niandike polepole, wino wenyewe haunitaki.

Leo maji yameingia mpaka juu ya meza ya kupigia pasi. Mpiga pasi wa kasri, ambaye wote tunamwita Mama Pasi, akaleta ubao wake chumbani kwangu. Ni mama mnene mwenye maneno mengi na moyo safi. Bi Utaratibu alikuwa mjini, na kazi ilikuwa haiwezi kungoja kwa sababu kesho walitaka kulipiga picha gauni. Mimi nilikuwa kitandani nakariri majina ya wageni.

Hariri hupigwa pasi upande wa ndani. Kila fundi anajua, kila mpiga pasi anajua. Bi Utaratibu, mwenye karatasi tisa, hajawahi kushika pasi maishani mwake. Basi Mama Pasi akaligeuza gauni, akalitandaza, akaanza kulalamika.

"Alama hii ya upindo imenishinda, mwanangu. Nimenyunyiza maji, nimeweka kitambaa, wapi! Mkunjo wa zamani haufi."

"Mkunjo gani wa zamani?" Gauni ni jipya, nikawaza. Nikashuka kitandani.

"Usiguse, nitafukuzwa."

"Sigusi. Natazama tu."

Inchi moja juu ya upindo palikuwa na mstari wa matundu ya sindano, na mkunjo wa pale lilipokunjwa kwanza. Gauni lilikuwa limeshamalizwa kwa mtu mfupi kuliko mimi, kisha likateremshwa. Nikainama zaidi. Mishono ya mkono ilikuwa midogo kama mbegu za ufuta na yote imelalia kushoto. Katika mji huu mzima namjua mtu mmoja anayeshona kwa mkono wa kushoto, na ndiye aliyenifundisha kutia uzi kwenye tundu.

Nikajua mahali pa kutazama. Mama Mkubwa, kila nguo anayoimaliza, huficha ndani ya upindo kipande cha kitambaa chenye ukubwa wa kucha mbili, ameandika kwa penseli tarehe na vipimo, ili mteja akirudi miaka kumi baadaye asipimwe upya. Nikaufunua upindo kwa ncha ya kidole. Kilikuwepo.

Septemba 14. Kifua 34. Kiuno 27. Nyonga 38. Urefu 54.

Kifungo aliingia dukani kwetu mwezi wa Novemba.

Mimi ni 34, 27, 38. Urefu wangu 55.

Nikakumbuka Septemba ile Mama Mkubwa alivyofunga chumba cha nyuma mwezi mzima. Alisema anashona mapazia ya hoteli na hataki mikono miwili kwenye kazi moja.

"Mama Pasi," nikasema. "Gauni hili uliwahi kulipiga pasi kabla?"

"Oktoba. Kabla yule binti wa waziri hajatoroka na mwalimu wake wa piano." Pasi ikasimama angani. Akanitazama, akaiweka chini taratibu. "Mungu wangu. Mwanangu. Nilidhani unajua. Sisi wote tunajua."

Wote. Wanaonifungulia mlango, wanaonimiminia chai, shangazi wa miaka themanini na nne. Nilikuwa nimevishwa kilemba cha ukoka, na kasri zima likinisaidia kukifunga kisidondoke.

Nimemwambia Mama Pasi aendelee na kazi yake. Ameendelea huku analia, akipiga pasi machozi yake mwenyewe. Mimi sijalia. Nimekaa, na kwa mara ya kwanza tangu Machi nimekaa jinsi ninavyokaa dukani, mguu mmoja chini ya mwingine.

Alhamisi, Aprili 23

Nimemwendea Bi Utaratibu ofisini kwake asubuhi. Sikupiga hodi, hiyo ni namba kumi na moja.

"Nani alikata kifungo?"

Hata hakuuliza kifungo gani. "Mimi. Ndani ya gari, mbele ya duka lenu. Kwa mkasi wangu wa ofisini."

Mkasi wenyewe ulikuwa mezani, mrefu, unang'aa. Pigo moja.

Akaniambia yote amesimama, bila kuongeza chumvi na bila kuipunguza. Barua za mwaliko zilikuwa zimeshakwenda nchi kumi na nne. Katika nyumba hii barua hubeba jina la bwana harusi na tarehe, basi. Jina la bibi harusi hutangazwa mwezi wa harusi. Tarehe ya mfalme hairudishwi. Binti wa waziri alipotoroka, Bi Utaratibu alikwenda dukani kwetu kumwambia fundi kwamba gauni halihitajiki tena.

"Na Mama Mkubwa akasemaje? Neno kwa neno."

Kwa mara ya kwanza nilimwona anasita. "Alisema, 'Mwenye kiuno hiki ninaye nyumbani.'"

Nje mvua ilikuwa inapiga ndoo.

"Wewe ulikuwa unanitazama kila siku," nikasema. "Miezi miwili."

"Ungeniuliza siku ya kwanza ningekujibu. Mimi huficha, lakini sidanganyi." Akausogeza mkasi pembeni. "Nilidhani kufikia sasa angekuwa amekuambia yeye."

Hakumtaja ni yupi. Walikuwa wawili waliopaswa kuniambia.

Ijumaa, Aprili 24

Nilimsubiri Kifungo barazani. Alikuja na tabasamu lake la Ijumaa.

"Nani alikata kifungo?"

"Fundi, si nilikwisha kukuambia, mimi mwe—"

"Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia hapa barazani. Nimeuona mkasi."

Tabasamu likamtoka. Aliketi kwenye ukuta wa baraza, mgongo ukalowa, hakujali. "Niliambiwa nikakuone tu. Nilikuja nimekasirika, sikutaka mtu yeyote. Nilitaka nikuchukie nirudi nikawaambie haiwezekani. Halafu ukaniambia fundi si mchawi."

"Ukaanza kunipenda lini?"

"Ijumaa ya pili. Au ya tatu. Sikumbuki, lakini ni kweli. Naapa ni kweli."

Na mimi naamini ni kweli, hilo ndilo linaloniumiza. Kama angekuwa mwongo mtupu ningefunga sanduku nikiimba.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa. Nilikuwa nangoja mvua ziishe."

"Mvua zikiisha ndiyo harusi."

"Ndiyo," akasema.

Kwa hiyo alikuwa anangoja niwe nimeshavaa, nimeshapunga mkono, nimeshatangazwa, halafu tuzungumze. Nimemwambia kwamba kutafutiwa mke kungenichekesha. Ningemsimulia hata Baba Mdogo tukacheka wote. Nisichoweza kukimeza ni ile jioni ya mkasi wa kucha, alipoangalia viatu vyake akaongeza uongo wa pili juu ya wa kwanza, akacheka, nami nikacheka naye kama juha.

"Nipe nafasi moja," akasema.

"Labda siku nyingine," nikamjibu, kama nilivyofundishwa.

Jumapili, Aprili 26

Nimeomba Mama Mkubwa aitwe, hata kama si Jumapili yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu." Akaniangalia usoni, akaweka mkoba chini. "Umeona kitambaa."

"Nimeona."

Hakukana. Hilo nampa. "Nilikukosea nini? Nilikupeleka pabaya? Tazama mahali ulipo."

"Ulimpeleka nani, Mama? Ulipeleka kiuno."

Akafunika uso kwa viganja, vile viganja vyenye alama za mkasi. Alilia kwa sauti, na mimi nilitaka kumshika, mwili wangu ulisogea wenyewe, nikaurudisha. "Nina miaka thelathini kwenye cherehani. Mgongo umepinda, macho yamekwisha. Nikikuona umeinama pale najiona mimi. Yule mama alipokuja kusema gauni halina mwenyewe, nikasema basi, huyu mmoja asipinde."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo maana ulipaswa kuniambia."

Kikulacho ki nguoni mwako, maneno hayo nimeyasikia tangu mtoto. Sikuwahi kufikiri yatakuja kwangu yakiwa na tarehe na kipimo cha nyonga. Naweza kumwelewa Kifungo, tumejuana miezi mitano. Huyu alinivisha nguo zangu zote. Aliujua mwili wangu kuliko mimi, akaenda akawasomea wageni.

Alisimama kuondoka. Mlangoni akageuka, macho mekundu, akashindwa kujizuia.

"Begani limekaa?"

"Limekaa, Mama. Begani limekaa vizuri sana."

Jumatatu, Aprili 27

Mvua. Nimelia kutwa. Afadhali.

Jumatano, Aprili 29

Nimemwomba Mama Pasi aniletee gauni. Nimeketi nalo karibu na dirisha nikatoa ile sindano ukosini. Nikafumua upindo ulioteremshwa kwa ajili yangu na kuurudisha kwenye mkunjo wake wa zamani. Inchi ile moja ndiyo peke yake iliyokuwa yangu kwenye gauni lote, nimeipandisha. Mishono yangu inalalia kulia, na yeyote atakayekuja kulikagua ataona kwamba mikono miwili imepita hapa.

Bi Utaratibu akaingia, akanikuta.

"Mchumba wa mwana wa mfalme hashiki sindano."

"Mimi si mchumba."

Alifikiri kidogo. "Basi shika."

Akatoka, akarudi na kopo langu. Nilipomaliza akanisindikiza. Nilielekea mlango wa wapishi, nikidhani ndio unaonifaa, akanishika kiwiko. "Aliyeingia kwa mlango wa mbele hutoka kwa mlango wa mbele. Hiyo ni desturi ya zamani kweli." Alinifungulia mwavuli mwenyewe. Miezi miwili nilimwona adui, na katika nyumba yote hii ndiye mtu pekee ambaye hakunidanganya nilipouliza.

Sikwenda dukani kwetu. Nimekwenda kwa Baba Mdogo. Alinitazama nimelowa, sanduku mkononi, akazima redio. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yake. Alisema tu, "Cherehani itaenea pale dirishani," akaanza kusogeza saa zake.

Jumatano, Mei 6

Mvua. Mashati mawili ya shule.

Ijumaa, Mei 15

Manyunyu. Mama Mkubwa amemleta mteja wake mmoja, akabaki ng'ambo ya barabara chini ya mwavuli, hakuvuka. Nimempima mteja. Nilipotoka kumwita, ameshakwenda. Kesho huenda mimi ndiye nitakayevuka, au keshokutwa. Si leo.

Ijumaa, Mei 29

Mvua zimeanuka. Barabara imekauka kwa mara ya kwanza tangu Machi, na watu wanatembea wakitazama juu kana kwamba wamesahau rangi ile. Kesho ingekuwa harusi yangu. Redio inasema mfalme ameahirisha sherehe za nyumba yake. Kumbe tarehe ya mfalme hurudishwa.

Saa kumi alasiri kivuli kikaanguka juu ya cherehani. Hakuwa na kofia. Watu wa barabarani walikuwa wamesimama, wengine wanaelekeza vidole, naye alikuwa amesimama kama mteja yeyote, koti mkononi. Ni lile koti la Novemba. Kifungo cha juu hakipo.

Baba Mdogo akainuka, akasema anakwenda kununua chumvi. Tuna chumvi.

Nikalichukua koti nikalitazama. Kazi yangu ya Novemba ninaifahamu, mara nne nilipitisha uzi, nikauzungusha chini ya kifungo uwe shina. Safari hii uzi umetafunwa, nyuzi zinaning'inia, na kitambaa chenyewe kimeraruka kidogo.

"Nani amekata?"

"Mimi," akasema. "Kwa mkasi wa kucha. Imenichukua robo saa." Akaonyesha kidole gumba, kina jeraha. "Huo ndio ukweli, Fundi. Nimekuja peke yangu, hakuna gari, hakuna mtu aliyenituma. Mvua zimeisha."

Ilikuwa kweli, niliuona mkato. Maneno yaleyale ya Machi, sasa yana jeraha. Sitaficha kwenye daftari langu mwenyewe. Nilitaka kumshika kile kidole.

Nikavuta kiti, nikatia uzi.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Nashona kifungo chako."

"Sasa hivi?"

"Ni kazi ya dakika mbili."

Alisimama akinitazama. Nikapitisha uzi mara nne, nikazungusha shina, nikaziba ule mraruko kwa ndani usionekane. Sikuinua kichwa, maana ningeinua nisingemaliza.

"Novemba uliniambia kazi ni nyingi," akasema taratibu. "Uliniambia nirudi Ijumaa."

"Novemba pia ilikuwa kazi ya dakika mbili," nikasema. "Siku ile duka lilikuwa tupu. Nilitaka urudi."

Nikakata uzi. Nikamkunjia koti, nikampa mkononi.